Saa Sita Hadi Saa Nane

Mama yangu alikula githeri akiwa amesimama kwa miaka mingi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Nairobi, na wiki yake ya zamu ikifika, saa ya chakula cha mchana ilikuwa ya watoto. Apange foleni, ahesabu sahani, aamue nani alimsukuma nani penye mfereji. Chai yake ilipoa dirishani. Nilikuwa namwuliza, "Mama, kwani wewe huli?" Anacheka tu. "Nitakula nikistaafu."

Baadaye, nikiwa nimeacha chuo na naandika makala za kulipia kodi, swali hilo lilinirudia. Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 27, inamtaka mwajiri apange saa za kazi na inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7. Saa ya kula haimo kwenye kifungu hicho. Basi nikatafuta mahali ambapo imeandikwa, nikafika Uingereza, kwa wale waliotuletea kengele na rejista.

Hadithi yao inaanza na njaa. Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, viliwaonyesha Waingereza aibu: vijana wengi waliojitolea kwenda kupigana walikataliwa kwa sababu ya afya mbovu. Mwaka 1906 Bunge likapitisha sheria ya kuruhusu halmashauri kuwalisha watoto shuleni. Ndani yake kulikuwa na kifungu kidogo cha 6: mwalimu asilazimishwe kusimamia chakula hicho wala kukusanya pesa zake. Yaani siku ile ile sahani ya mtoto ilipoingia kwenye sheria, mwalimu naye alikumbukwa.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Baba wako vitani, mama wako viwandani, chakula kinagawanywa kwa kadi. Chakula cha shule, ambacho zamani kilikuwa cha watoto maskini tu, kikawa cha watoto wengi. Nani atawatazama wakila? Mwalimu, bila shaka. Sheria ya Elimu ya 1944, kifungu cha 49, ikaja na maneno yaliyogeuza mambo: walimu wasipewe kazi za chakula isipokuwa kusimamia wanafunzi. Soma tena hapo kwenye "isipokuwa". Ulinzi wa 1906 ulikwisha kwa neno moja. Vita vikaisha mwaka uliofuata, lakini mwalimu akabaki kwenye foleni ya sahani kwa miaka zaidi ya 20.

Mwaka 1967, mwaka ule ule ambao Kenya ilikuwa inaanzisha Tume ya Huduma za Walimu, TSC, chama cha walimu cha NUT kule Uingereza kikawaambia wanachama wagome kusimamia chakula. Hawakufunga shule. Waliacha tu ile kazi ambayo kila mtu alikuwa ameizoea kama jua kuchomoza. Mwaka 1968 serikali ikakubali kwamba mwalimu halazimishwi tena, na anayejitolea apewe mlo wa bure.

Tatizo ni kwamba karibu kila mtu aliendelea "kujitolea". Ukiwa na mwalimu mkuu anayekutazama, na watoto 200 uwanjani, utasemaje hapana? Ilibidi mgogoro wa mishahara wa 1985 na 1986 uwafundishe. Walimu waliacha kujitolea, na shule nyingi zikalazimika kuwatoa watoto nje mchana. Hapo ndipo nchi iligundua kwamba saa ile ilikuwa inasimama juu ya hisani.

Mwaka 1987, chini ya waziri Kenneth Baker, masharti ya kazi yakaandikwa rasmi: siku 195 kwa mwaka, saa 1,265, na mwalimu asitakiwe kusimamia wanafunzi mchana, bali apewe mapumziko ya kutosha kati ya vipindi vya asubuhi na vya alasiri, au kati ya saa sita na saa nane. Ushindi, sivyo? Lakini sheria hiyo hiyo ya 1987 iliivunja Kamati ya Burnham, ambamo walimu walikuwa wamejadiliana mishahara yao tangu 1919. Walipata saa ya kula, wakapoteza meza ya mazungumzo. Na watoto hawakubaki peke yao: wasimamizi wa mchana, wengi wao wanawake wa mtaani na wenye ujira mdogo, walichukua ile zamu.

Nimeleta hadithi hii nyumbani kwa sababu tangu 2023 Kaunti ya Nairobi inapeleka chakula shuleni kupitia Dishi na County, mzazi akichangia shilingi 5. Ni jambo zuri, nisikudanganye. Mtoto aliyeshiba anasoma. Ila kila sahani ina foleni yake, na kila foleni inahitaji mtu mzima. Tukimwachia mwalimu kwa sababu "si yuko hapo tu," tutakuwa tumerudia 1944 bila hata kuwa na vita. Waingereza wa 1906 waliandika mambo yote mawili kwenye sheria moja. Na sisi tukiandika, tutaje pia nani anabaki na watoto, na analipwa ngapi.

Mama amestaafu. Alitimiza ahadi yake: sasa anakula akiwa ameketi. Ila hakupaswa kungoja hadi miaka 60.