Mboni Ndogo, Sumu Mbili: Tiba ya Dawa Mpya za Kulevya Masasi na Newala

Mikorosho ya Masasi na Newala inapochanua, wakulima hupulizia salfa kuzuia ubwiriunga na viuatilifu kuua mbu wa mikorosho. Baadhi ya viuatilifu hivyo, kama profenofosi, ni vya kundi la oganofosfeti. Aliyedhuriwa navyo huweza kufikishwa hospitali hajitambui, mboni za macho zimesinyaa. Aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni naye huja vivyo hivyo. Wa kwanza anahitaji atropini, wa pili naloksoni. Makala hii inadai kwamba katika mazingira hayo tabibu atibu dalili kabla ya kujua jina la dawa, na kwamba usiri wa mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe.

Suala hili si la Dar es Salaam peke yake. Newala inatazamana na Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, na jimbo la Cabo Delgado lililoko huko limekuwa njia ya heroini na methamfetamini kwa miaka kadhaa. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za dawa hizo mbili Dar es Salaam na Iringa. Duniani, dawa mpya za kulevya zilizokwisha kuripotiwa Umoja wa Mataifa zimepita 1,000. Hakuna daktari awezaye kuzikariri.

Wapo wanaoona kuwa suluhisho ni kununua vipimo. Lakini kipimo cha kawaida cha mkojo cha jamii ya afyuni kilibuniwa kunasa mofini na kodeini. Tramadoli, fentanili na nitazini, ingawa ni za jamii hiyo, kwa kawaida hukipita. Jibu hasi, basi, halithibitishi kwamba mgonjwa hakutumia kitu. Kipimo cha malaria nacho kina mtego wake: katika eneo ambako wengi wana vimelea, jibu chanya huweza kumfanya tabibu aache kutafuta sababu nyingine. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina uwezo mkubwa zaidi, ila majibu yake humfaa zaidi mgonjwa ajaye kuliko huyu aliye kitandani.

Kinachobaki ni uchunguzi makini. Mwenye sumu ya viuatilifu hutokwa jasho, mate na machozi, na kifua hujaa majimaji. Wa afyuni kwa kawaida huwa mkavu, pumzi zake chache. Dawa za kusisimua kama methamfetamini na kathinoni hupanua mboni, hukimbiza moyo na kupandisha joto. Hazina kiuasumu, hivyo tiba ni diazepamu, maji na kupoza mwili. Kumfunga kamba mgonjwa anayepambana huzidisha joto na kuhatarisha misuli na figo. Tramadoli huchanganya mambo: hupunguza pumzi na pia huleta degedege, ambalo naloksoni hailitulizi. Tena naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, pengine kabla ya dawa yenyewe kuisha mwilini. Aliyezinduka asiruhusiwe kwenda nyumbani upesi.

Hata hivyo, uchunguzi hupwaya pasipo maelezo ya kweli. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 inafanya utumiaji kuwa kosa, kwa hiyo ndugu anayehofia polisi atasema mgonjwa aliumwa kichwa tu. Akihakikishiwa usiri, ataeleza ukweli unaohitajika kwa tiba. Atakayesema kwamba usiri huo unakinga uhalifu akumbuke kuwa tangu 2011 kliniki ya methadoni ya Muhimbili, ambayo ni ya umma, imewapokea waraibu kama wagonjwa. Msimamo huo unapaswa kufika hadi chumba cha dharura cha wilaya.

Hospitali za Mkomaindo na Ndanda huko Masasi, na Hospitali ya Wilaya ya Newala, zingeweza kutumia fomu moja isiyo na jina la mgonjwa: dalili, saa, dawa aliyopewa na alivyoitikia, pamoja na sampuli ya kupelekwa maabara. Fomu hiyo ingegharimu kidogo kuliko mashine za vipimo, na ingewaonyesha matabibu mapema ni sumu gani imeingia katika eneo lao.