Kompyuta Bandia na Vipuri Feki: Ukaguzi Kabla ya Kuvuka Mpaka

Kompyuta bandia ni mashine, au kipuri chake, iliyopewa jina, nembo au uwezo isiokuwa nao. Haipaswi kuchanganywa na kompyuta ya mtumba. Mtumba unaouzwa kama mtumba ni biashara halali pale sheria ya nchi inaporuhusu. Ubandia huanza pale lebo inapobadilishwa. Kwa mfanyabiashara anayenunua Kariakoo au Luthuli Avenue na kuuza nchi jirani, tofauti hiyo ni kubwa. Mzigo ukishapita Namanga, Busia au Tunduma, kurudisha hata mashine moja mbovu hugharimu nauli, siku kadhaa na karatasi nyingine za forodha.

UDANGANYIFU UNAOJULIKANA

Prosesa: Katika miaka ya 1990 maandishi ya prosesa za Pentium yalifutwa na kuandikwa kasi ya juu zaidi. Siku hizi mashine yenyewe hutaja jina la prosesa yake, hivyo ujanja umehamia kwenye stika. Laptopu ya Core i3 hubandikwa i7, au i7 ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2011, huuzwa kwa bei ya mashine mpya.

Flashi na diski za nje: Kidhibiti cha ndani hupangwa kusema uongo. Flashi yenye gigabaiti 16 hujitangaza kuwa na terabaiti 1. Hupokea mafaili yote na kuonyesha majina yake, lakini yaliyozidi uwezo halisi hayafunguki. Mnunuzi hugundua siku anapotafuta hesabu zake.

Diski zilizotumika: Mapema mwaka 2025 iligundulika nchini Ujerumani kuwa diski za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa ziliuzwa madukani kama mpya, baada ya kumbukumbu ya saa za matumizi kufutwa.

Kadi za picha: Chipu ya zamani hupewa jina la kadi mpya. Programu ya GPU-Z imekuwa ikitambua baadhi ya kadi bandia za NVIDIA tangu 2018.

Betri na chaja: Hapa hasara si ya fedha peke yake. Betri feki inaweza kukosa kinga ya kuzuia joto na kuwaka moto, hata ikiwa ndani ya lori.

UKAGUZI KABLA YA KULIPA

1. Mnunuzi awashe mashine na kuandika msinfo32 katika sehemu ya kutafutia ya Windows. Prosesa na memori halisi vitaonekana, hata stika iseme nini.

2. Siriali namba iliyo nyuma ya mashine ilinganishwe na ile ya BIOS, kisha itafutwe kwenye tovuti ya mtengenezaji.

3. Laptopu iliyotoka ofisini Ulaya au Marekani irudishwe katika hali ya kiwandani na kuunganishwa na intaneti. Ikidai akaunti ya kampuni fulani, bado imefungwa na mwenye nayo wa awali, au imeibwa. Iachwe.

4. CrystalDiskInfo ionyeshe saa ambazo diski imetumika. Saa chache kwenye mashine iliyochakaa ni dalili mbaya.

5. Flashi chache kutoka kila katoni zijaribiwe kwa H2testw, ambayo huijaza flashi yote na kuisoma tena.

6. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kawaida inahitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, pamoja na TPM 2.0. Mashine ya chini ya hapo inunuliwe kwa bei inayolingana na hali hiyo.

7. Risiti itaje modeli, siriali namba, hali ya mashine (mpya au mtumba) na muda wa dhamana.

KWA WASAFIRISHAJI

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeweka bidhaa bandia za aina zote katika orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku. Mzigo unaweza kutaifishwa, na gari lililoubeba pia. Dereva asipokee katoni zisizo na ankara inayotaja kilichomo.

Cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kompyuta iliyotengenezwa China haipati nafuu hiyo, hata kama ilinunuliwa Nairobi.

Mashine mbovu zisizofanya kazi zinaweza kuhesabiwa kuwa taka. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki zipate kibali cha nchi inayopokea kabla ya kusafirishwa.

Betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake hutambulika kwa namba UN 3480, na tangu Aprili 2016 haziruhusiwi kuwa mzigo katika ndege za abiria. Zilizo ndani ya laptopu ni UN 3481.

Ukaguzi wa mashine moja huchukua muda mfupi. Muuzaji akikataa mashine zijaribiwe dukani, ni heri mnunuzi atafute duka jingine angali na fedha yake mkononi.