Mgawanyo wa Kazi Migodini: Je, ni Maumbile?

Wapo wanaodai kwamba mwanamume kuchimba na mwanamke kuponda mawe ni maumbile. Historia yakanusha, na sisi wa Kawajense, mjini Mpanda, tunao ushahidi karibu.

Reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 ili kusafirisha madini ya risasi ya mgodi wa Mukwamba, uliofungwa mwaka 1960. Zama hizo Mkataba Na. 45 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1935, ulikataza wanawake kufanya kazi migodini chini ya ardhi. Ulielezwa kuwa ni ulinzi. Lakini mwamba ukiporomoka humuua yeyote. Anayestahili ulinzi ni kila mfanyakazi. Shirika lenyewe liliufuta mkataba huo mwaka 2024.

Fikra zake zingalipo. Katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, mara nyingi mwanamke huambiwa kuwa akikaribia duara, yaani shimo la kuchimbia, dhahabu itatoweka. Basi huponda, huosha na hupika. Mwiko huu una wanaofaidika nao: mgao wa dhahabu ni wa wenye duara na wachimbaji; mponda mawe hulipwa ujira mdogo.

Azimio la Arusha la 1967 lilitamka kwamba wanawake vijijini hufanya kazi kupita wanaume. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia kazini. Kwa hiyo, ndugu, wajibu wa kada ni kuuliza kila mahali pa kazi: nani alipanga hivi, na nani ananufaika?