Takriri kama Kumbukumbu: Motifu katika Nyimbo za Ukombozi za Kambi ya Nachingwea

Katika uhakiki wa muziki wa roki, motifu ni kipande cha tuni, maneno au taswira kinachojirudia ndani ya albamu na kuziunganisha nyimbo zake. Mifano mashuhuri ni Tommy ya kundi la The Who (1969) na The Wall ya Pink Floyd (1979). Katika The Wall, wimbo mmoja umegawanywa katika sehemu tatu, na kila unaporudi hubeba maana mpya kwa kuwa hali ya mhusika imebadilika. Insha hii inaitumia dhana hiyo kuchunguza nyimbo zilizoimbwa takribani miaka hiyohiyo katika kambi ya FRELIMO ya Nachingwea. Hoja yake kuu ni kwamba takriri katika nyimbo hizo ilihifadhi historia, lakini pia ilikuwa na uwezo wa kuifuta.

Nachingwea ilijulikana kwanza kwa mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza (1947–1951). FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita vikaanza Septemba 1964. Baada ya hapo Nachingwea ikawa kituo chake kikuu cha mafunzo ya kijeshi. Wapiganaji walitoka katika jamii zenye lugha nyingi, hivyo nyimbo ziliimbwa kwa Kiswahili, Kimakonde, Kireno na lugha nyinginezo.

Umbo la nyimbo hizo halikuwa geni katika eneo hilo. Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa, sawa na Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma, wana utamaduni wa jando na unyago ambamo fanani huanzisha na kundi huitikia. Mafunzo hushikwa kwa kurudiwa. Aidha, Ranger (1975) alionyesha jinsi ngoma ya beni ilivyochukua gwaride la kijeshi na kuligeuza kuwa mchezo na mashindano. Kwaya ya kambini, kwa hiyo, ilisimama juu ya misingi iliyokwisha kuwapo.

Motifu tatu zinajitokeza. Ya kwanza ni Mueda, ambako tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliufyatulia risasi umati. Ya pili ni mito Ruvuma na Maputo, iliyotajwa pamoja kama mipaka ya taifa moja. Ya tatu ni majina ya viongozi. Kiitikio kilikuwa fremu yenye nafasi wazi: tuni ilibaki, jina likabadilika. Eduardo Mondlane alipouawa tarehe 3 Februari 1969, jina lake lilihama kutoka nafasi ya kiongozi aliye hai hadi nafasi ya shahidi, na Samora Machel akawa rais wa FRELIMO mwaka 1970.

Hata hivyo, fremu hiyohiyo ilikuwa na hatari zake. Simulizi rasmi ilitaja takribani watu 600 waliouawa Mueda, ilhali utafiti wa baadaye umependekeza idadi ndogo zaidi. Jambo likisharudiwa na maelfu ya sauti, kulihoji huonekana kama kuwakana waliokufa. Vivyo hivyo, aliyeanguka kisiasa aliweza kuondolewa katika nafasi ya shujaa na kuwekwa katika ile ya msaliti. Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alilazimishwa mwaka 1975 kusoma ungamo hadharani palepale Nachingwea.

Hapa ndipo ulinganishi na albamu unapofikia kikomo. Santuri huigandisha motifu: The Wall ya mwaka 1979 ndiyo inayosikika leo. Wimbo wa kambini ulizaliwa upya kila ulipoimbwa, na kila toleo lilibeba siasa za siku yake. Kwa sababu hiyo, mtafiti anayekusanya nyimbo kwa wazee wa Nachingwea na Ruangwa hana budi kunukuu viitikio vyote bila kuvifupisha, na kulinganisha matoleo yake. Neno lililobadilika katikati ya maneno yasiyobadilika ndilo ushahidi wenyewe. Kiitikio kikikatwa kwa kudhaniwa kuwa ni marudio matupu, hupotea pamoja nacho jina la aliyeingizwa na la aliyetolewa.