Viraka vya Land Rover

Isongole iko ukingoni mwa nchi, wilayani Ileje, mkoani Songwe. Mbele yake ni Malawi na njia ya kwendea Chitipa. Nyuma yake ni barabara ya takriban kilomita 50 iendayo Mpemba, jirani na Tunduma, ambayo imetiwa lami miaka ya karibuni tu. Kabla ya hapo, gari lililofika huko wakati wa masika lilikuwa limekwisha kujipatia heshima yake. Aghalabu lilikuwa Land Rover: ya serikali, ya polisi, au ya misheni. Leo mtu wa mikoa ile akitaka kufufua gari kuukuu uani kwake, kwa mapenzi na si kwa ujira, mkweche atakaoukuta umelala chini ya mti yumkini ni huo huo.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na kwa hiyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu, chesisi ikabaki ya chuma. Ndoa hiyo ya madini mawili ndiyo inayomtaabisha mwenye kuifufua. Pale yanapogusana, unyevu ukipata njia, aluminiamu huliwa polepole na kugeuka unga mweupe. Chesisi nayo ni sanduku lenye uwazi ndani. Matope huingia yakakaa, kutu ikaanzia humo, na kwa nje rangi ikaendelea kung'ara. Ndiyo maana fundi huipigapiga kwa nyundo ndogo akitega sikio: chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti ya kufa. Wa pwani, aliyekwisha kuona chumvi ya bahari ilivyofanya bawaba za milango yake, hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kutu ni nusu tu ya habari. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia, na Zambia ikakatiwa njia yake ya mafuta ya kusini. Mafuta yakapitishwa Dar es Salaam, yakabebwa kwa malori na mapipa juu ya barabara ya vumbi na utelezi mpaka Tunduma na kuvuka. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu, na malori yaliyopinduka hayakuwa machache. Bomba la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968. Reli ikafuata katikati ya miaka ya 1970. Kisha vikaja vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na fedha za kigeni zikaadimika. Spea zikatoweka madukani. Kilichovunjika kikachomelewa, kilicholika kikakerezwa kingine mfano wake, gasketi zikakatwa kwa mkasi, na gari moja likachinjwa ili mawili yaishi. Hali haikuanza kulegea mpaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baadaye magari yaliyotumika Japani yakajaa nchini. Kwa miaka ile yote mafundi walikuwa wakifufua magari bila kujua kwamba kwingineko kazi hiyo ni burudani ya watu wenye nafasi.

Hapo ndipo penye mgogoro. Nairobi, tangu 1970, wenye magari ya Alfa Romeo huandaa shindano ambalo majaji wake huchungulia hata uvunguni. Macho ya namna hiyo hayakipendi kiraka. Naye mtu wa Isongole, akiifungua injini, huenda akakuta bushi iliyokerezwa kwa mkono wakati wa dhiki, haifanani na ya kiwandani, na imedumu. Je, aitupe na kuagiza mpya Uingereza, ambako spea za Land Rover za zamani zingali zikitengenezwa? Wahariri wa tenzi wanalijua swali hili. Mnakili wa Lamu akibadili neno, mhariri mwenye pupa hulifuta ili afikie maneno ya mtunzi, na pamoja nalo akafuta ushahidi wa waliolisoma utenzi ule kwa vizazi. Gari lililong'olewa kila kiraka ni zuri kulitazama, ila halina tena habari ya Tanzania ndani yake. Mamia ya Land Rover yalipokusanyika Arusha Oktoba 2024, zilizostahili kukaguliwa kwa muda mrefu zaidi ni zile zenye makovu.

Hata hivyo mapenzi yana mipaka. Kiraka cha bodi na kiache. Bushi iliyodumu na irudishwe mahali pake. Breki hazina historia ya kuhifadhiwa. Mipira yake, mabomba yake na chesisi iliyooza hubadilishwa bila huruma, kwa sababu miteremko ya Ileje ni mikali na gari lenyewe ni zito. Betri ikiwa imedhoofika isiweze kuzungusha injini, si neno: mbele pana tundu la hendeli, na mtu mmoja mwenye kifua anatosha kuiwasha.