Kiweko cha Wino cha Fedha kama Ushahidi wa Kihistoria: Karakana za London, 1760–1790

Historia ya uandishi katika Uingereza ya karne ya 18 hutegemea zaidi barua, mikataba na vitabu vya hesabu. Vyombo vilivyowezesha nyaraka hizo kuandikwa huachiwa wakusanyaji wa vitu vya kale, ambao huvipima kwa uzuri na bei. Makala haya yanajenga hoja kwamba kiweko cha wino cha fedha chenye mtindo wa urasimi mpya ni waraka pia, na kwamba kinahifadhi habari za watu ambao hawakuacha barua.

Kiweko hicho kilikuwa sinia dogo la mezani, aghalabu la mstatili au duaradufu, lenye miguu mifupi na mfereji wa kulazia kalamu za manyoya ya bata bukini. Juu yake palikaa kidau cha wino na chupa yenye kifuniko cha vitundu, iliyotiwa unga laini wa kunyunyizia karatasi. Pengine kiliongezwa kinara cha mshumaa wa kuyeyushia lakiri. Mapambo yake, yaani mitungi, mashada ya majani na safu za shanga, yaliigwa kutoka kwa Wagiriki na Warumi wa kale. Uchimbuaji wa Herculaneum ulioanza mwaka 1738, na ule wa Pompeii mwaka 1748, uliamsha hamu hiyo. Naye msanifu majengo Robert Adam, aliyerejea kutoka Italia mwaka 1758, aliieneza katika nyumba za matajiri.

Hata hivyo, umbo hilo la kale lilitegemea mbinu mpya. Awali sonara alifua bamba kwa nyundo. Kufikia nusu ya pili ya karne hiyo, karakana nyingi zilinunua bamba jembamba lililobanwa kwa mashine, na kingo zenye matundu zikakatwa kwa mtambo. Kwa kuwa fedha iliuzwa kwa uzito, wembamba ulipunguza bei. Wanasheria na wafanyabiashara wakaweza kumiliki chombo kilichokuwa cha makabaila. Kwa hiyo, usahili wa urasimi mpya hauwezi kuelezwa kwa mabadiliko ya ladha pekee. Ulilingana pia na uwezo wa mashine na mfuko wa mnunuzi.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika chapa. Simba alithibitisha kwamba sehemu 925 kati ya 1,000 zilikuwa fedha halisi. Kichwa cha chui kilitambulisha London. Herufi moja ilionyesha mwaka. Kuanzia mwaka 1784 kiliongezwa kichwa cha mfalme, ishara kwamba ushuru umelipwa. Hivyo dola iliacha alama yake juu ya meza ya mwandishi kabla hajaandika neno.

Chapa ya mwisho ilikuwa ya karakana. Herufi HB ni za Hester Bateman, mjane aliyesajili chapa yake mwaka 1761, baada ya kufiwa na mumewe, akaongoza karakana hadi mwaka 1790. Bila chapa hiyo, nafasi ya mwanamke katika ufundi uliotawaliwa na wanaume ingefifia kwa urahisi. Lakini herufi hizo zina mipaka: zinamtaja mwenye kubeba dhamana, si kila mkono uliofanya kazi. Wanagenzi na vibarua waliosugua, kuunga na kung’arisha fedha hawatajwi popote juu ya chombo.

Inahitimishwa kwamba kiweko cha wino kisomwe kwa uangalifu ule ule unaotumika kusoma nyaraka: kwa kuzingatia kinachosema, aliyeruhusiwa kusema, na walionyamazishwa. Mtafiti anayesoma barua na kupuuza kiweko husikia sauti ya aliyeshika kalamu pekee. Anayekigeuza na kuchunguza chapa zake hukutana na mnunuzi, mtoza ushuru, mjane na mashine.