Mwanzi wa kuvulia

Mwanzi wa kuvulia ni ufito mrefu unaobeba mshipi na ndoana. Ubora wake haupimwi kwa ufundi wala umri peke yake, bali kwa samaki na maji yanayokusudiwa. Nchini Uingereza ulitumika ufito wa vipande sita vya mwanzi wa Tonkin kutoka China, vilivyochongwa pembetatu na kuunganishwa kwa gundi, ili upinde sawasawa na kumchosha samaki mzito. Mfano maarufu ni Mk IV wa Richard Walker, ambaye mwaka 1952 alinasa karpi wa ratili 44, karibu kilo 20, katika bwawa la Redmire.

Ufito huo ungekuwa anasa huko Goma, ufukweni mwa Ziwa Kivu. Ziwa hilo lina tilapia na samaki wengine wadogo kuliko karpi huyo. Mwanzi mzima, mwepesi kwa kuwa una uwazi ndani, unatosha, na ukivunjika hukatwa mwingine. Wapo watakaosema kwamba ufito hauna nafasi tena, kwani samaki wadogo waitwao sambaza, waliohamishwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa na nyavu, kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Hoja hiyo ni sahihi kwa biashara. Lakini uvuvi huo unadai mtaji na wafanyakazi kadhaa, ilhali ufito humtosha mtu mmoja aliyesimama juu ya mawe ya volkano. Kwa hiyo Mk IV ni bora kwa Redmire, si kwa Kivu.